Wanunuzi wa winchi watazame betri kwanza

KILA masika inapokaribia, wenye magari ya kubeba watalii, wakandarasi wa barabara na kampuni za kutafuta madini huanza kuulizia winchi kwenye maduka ya spea. Sababu inaeleweka. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, hugeuka utelezi mtupu baada ya mvua ya saa moja, na gari la tani tatu likishazama humo hadi ekseli halitoki kwa kusukumwa. Kwa biashara ya utalii hali huwa ngumu zaidi. Nyumbu huzaa kwenye nyanda za Ndutu kati ya Januari na Machi, hivyo wageni huwa wengi katika miezi ambayo mvua inaweza kunyesha siku yoyote. Gari likinasa mchana kutwa mgeni hukosa ndege yake, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Winchi ni jibu zuri kwa tatizo hilo, ila mara nyingi hununuliwa vibaya. Kwenye kaunta mnunuzi huuliza mambo mawili: inavuta kilo ngapi, na inauzwa bei gani. Swali la tatu, yaani umeme wa kuizungusha utatoka wapi, huachiwa fundi. Matokeo yake bampa la mbele linabeba chuma cha thamani ambacho siku ya shida huvuta kwa dakika mbili, kisha kinanyamaza, na gari nalo haliwaki tena. Aliyekuwa amekwama kwenye tope sasa amekwama kwenye tope bila betri.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Winchi nyingi za umeme zinazouzwa hufuata mtindo wa Marekani, na uwezo wake huandikwa kwa paundi. Ile ya 9,500 huvuta kilo 4,300 hivi, na ile ya 12,000 huvuta kilo 5,440. Wako wanunuzi wanaoona 12,000 wakadhani ni kilo, na si kila muuzaji anayejisumbua kuwasahihisha.

Hata ikishageuzwa kuwa kilo, namba hiyo ni kweli kwa safu ya kwanza tu ya waya kwenye ngoma ya winchi. Kila safu inayolala juu ya nyingine huinenepesha ngoma, na kadiri ngoma inavyonenepa ndivyo nguvu ya kuvuta inavyopungua. Waya ukiwa umejaa hadi safu ya nne, nguvu inayobaki ni karibu theluthi mbili ya ile iliyoandikwa. Dereva anayefunga waya kwenye mti ulio mita tano mbele yake anatumia winchi ndogo kuliko aliyoilipia. Mti wa mita 20, kama upo, humpa nguvu zaidi bila kuongeza senti.

Kanuni inayofuatwa na watengenezaji ni kwamba uwezo wa winchi usipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo wake wote. Land Rover Defender 110 ya kawaida huruhusiwa kufika kilo 3,050 na mzigo wake. Mara moja na nusu ya hapo ni kilo 4,575, yaani winchi ya paundi 10,000 hivi. Land Cruiser za safari zilizorefushwa chesisi, zenye safu tatu za viti, paa la kufunguka, jokofu na matairi mawili ya akiba, ni nzito zaidi ya hapo, na kwa hizo winchi ya 12,000 si anasa.

Ampia 400 kutoka wapi?

Mota ya winchi ya volti 12 ikizunguka bila mzigo hula ampia 60 hadi 80. Ikivuta mzigo wake wa mwisho hula ampia 400, na nyingine hupita hapo. Taa kubwa mbili za mbele za kawaida, kwa kulinganisha, hula ampia zisizofika 10.

Wengi hudhani kwamba injini ikiwa inanguruma, altaneta ndiyo inayoendesha winchi. Sivyo. Altaneta za magari ya dizeli ya zamani hutoa ampia 60 hadi 80, na za magari mapya mara nyingi ni kama 130. Hata tukichukua ile kubwa, zaidi ya ampia 270 lazima zitoke kwenye betri. Kazi ya altaneta ni kurudisha kilichochotwa, na hurudisha polepole.

Hapo ndipo betri ndogo inapoumbuka. Betri ya N70, ambayo ni ya kawaida kwenye magari haya, hupimwa kwa kutoa ampia tatu na nusu kwa muda wa saa 20. Ikilazimishwa kutoa ampia 300 au 400 haitoi akiba yake yote. Volti huporomoka na betri huishiwa ndani ya dakika chache. Volti zikiporomoka, solenoidi za winchi huanza kugongagonga na ncha zake kuungua. Solenoidi nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu kutoka kiwandani ziliuawa na betri.

Kuna jambo jingine linalofaa kueleweka kwa hesabu. Ampia 400 kwa volti 12 ni wati 4,800. Winchi inayovuta kilo 4,000 kwa mwendo wa mita 1.3 kwa dakika inafanya kazi ya wati 850 tu kwenye waya. Zilizobaki zote zinakuwa joto ndani ya mota, gia na nyaya. Ndiyo maana winchi ya umeme haitengenezwi kwa kazi ya mfululizo. Huvuta kwa muda usiozidi dakika moja mzigo ukiwa mzito, kisha hupumzishwa huku injini ikiwa kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika ili betri ipate chochote. Mota ambayo mkono hauwezi kukaa juu yake imeshachelewa kupumzishwa.

Betri gani inunuliwe

Kinachotazamwa kwa winchi ni nguvu ya kutoa umeme mwingi kwa ghafla, ile inayoandikwa CCA kwenye kibandiko. Kampuni ya Warn ya Marekani hutaja CCA isiyopungua 650 kwa winchi zake za magari. Betri ya N100 iliyo mpya kwa kawaida hupita hapo. Betri isiyo na namba hiyo popote kwenye kibandiko ni ya kutiliwa shaka.

Onyo la pekee linahusu betri za sola. Siku hizi zimejaa madukani, ni kubwa, na bei yake inashawishi, hasa kwa mwenye gari la safari ambaye tayari anayo moja kwa ajili ya jokofu. Betri hizo zina bamba nene zilizoundwa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi, kinyume kabisa na inachotaka winchi. Jokofu liendelee na yake; winchi ipewe betri ya kuwashia injini.

Tarehe ya kutengenezwa nayo isomwe. Betri iliyojazwa asidi ikakaa dukani kwa mwaka mzima kwenye joto bila kuchajiwa huwa imeanza kufa kabla ya kuuzwa. Betri kavu, ile inayojazwa asidi mbele ya mnunuzi, ni salama zaidi kwa upande huo, mradi ichajiwe vizuri kabla ya kufungwa. Mita ya volti ya bei ndogo inatosha kuondoa ubishi: betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi, na ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi.

Je, zifungwe betri mbili? Kwa gari linalokwenda peke yake porini jibu ni ndiyo, lakini si kwa sababu ambayo wengi huitoa. Betri ya pili haifanyi winchi kuwa na nguvu zaidi ya ile iliyoandikwa. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba winchi ikimaliza moja, injini bado inawaka. Kwa hiyo zitenganishwe kwa rilei ya kugawa chaji, na ziungwe pamoja kwa swichi nzito pale tu inapohitajika. Betri mbili zilizofungwa pamoja moja kwa moja siku zote hufa pamoja.

Magari ya volti 24 yanahitaji uangalifu wao. Land Cruiser na Patrol kadhaa za dizeli zilizotumika Japani hufika zikiwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Fundi asiyetaka usumbufu hufunga winchi ya volti 12 kwenye betri mojawapo. Itavuta, ila betri hiyo itakuwa inashuka peke yake huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zitakuwa za kutupwa. Mwenye gari la namna hiyo aagize winchi ya volti 24. Hata atafaidika, kwa kuwa winchi hiyo hula nusu ya ampia kwa kazi ileile, na nyaya zake hazipati joto sana.

Nyaya

Sehemu hii ndiyo inayopunguziwa fedha kuliko zote, kwa sababu haionekani bampa likishafungwa. Tuseme betri iko mita mbili kutoka kwenye winchi, kwa hiyo umeme husafiri mita nne kwenda na kurudi. Kwa waya wa shaba wa milimita 35 za mraba na ampia 400, volti 0.8 hupotea njiani. Kwa waya wa milimita 16 za mraba hupotea volti 1.75, na winchi hubakia na volti chini ya 10 hata betri ikiwa nzuri. Winchi ikiwekwa nyuma ya gari na betri ikiwa mbele, safari ya umeme hufika mita 10. Hapo waya wa 35 hupoteza volti mbili kamili, na ni lazima kwenda kwenye milimita 70.

Waya wa mashine ya kuchomelea, ule laini wenye nyuzi nyingi, unafaa na hupatikana kwa mita. Mnunuzi aombe ncha ikatwe upya mbele yake, kisha akwangue nyuzi kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, ambazo chini ya kisu huonekana nyeupe. Hizo hupitisha umeme kidogo zaidi kwa unene uleule, na kwenye maungio hulegea na kuota kutu nyeupe.

Waya wa hasi urudi moja kwa moja hadi kwenye betri. Kuufunga kwenye bodi ya gari, chini ya bolti iliyopakwa rangi, ni kosa linaloonekana kila gereji. Na kwa kuwa waya wa chanya wa winchi kwa kawaida hauna fyuzi, uwekewe swichi ya kukata umeme karibu na betri, upitishwe ndani ya mpira, na ukae mbali na ekzosi na kingo kali za mabati. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, betri nzima humwaga umeme wake hapo, na gari huweza kuteketea kabla ya mtu kupata spana ya kufungulia ncha ya betri.

Kufunga kwenye gari

Winchi haifungwi kwenye bampa. Inafungwa kwenye chesisi, na bampa ni pambo tu linaloizunguka. Bampa la bati la kiwandani litang'oka mara ya kwanza. Anayechongesha kitako chake kwa fundi wa kuchomelea badala ya kununua kilichotengenezwa tayari anaweza kupata kazi nzuri kwa bei nafuu, lakini bamba liwe la milimita 6 au zaidi, nalo lishikwe na chesisi kwa bolti zenye alama 8.8 kichwani. Kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi hudhoofisha chuma pembeni ya mshono, na bolti hufunguka gari linapohitaji matengenezo.

Matundu manne ya kufungia winchi za kati ya paundi 8,000 na 12,000 hufuata karibu kila mara kipimo kimoja, milimita 254 kwa 114. Kipimo hicho kiandikwe kwenye karatasi ya fundi. Winchi isiyokifuata humfunga mwenyewe kwa kampuni moja maisha yote ya gari.

Uzito nao hesabu yake ipo. Winchi yenye waya wa chuma huwa na kilo 40 hivi, na bampa la chuma hufikia au kupita hapo. Zote hukaa mbele ya ekseli. Springi za mbele zilizochoka zitalala, na taa zitaanza kuangaza chini. Kwa magari mapya yenye mifuko ya hewa, bampa liwe lile lililotengenezwa kwa modeli hiyo hasa, la sivyo mifuko inaweza kufunguka wakati usio wake au isifunguke kabisa. Rejeta nayo iachiwe nafasi ya kupata upepo, kwani Defender iliyozibwa uso huchemka kwenye mlima wa kwanza.

Zipo pia winchi zinazozungushwa na gia za gari lenyewe, ambazo Toyota ilizifunga kiwandani kwenye Land Cruiser nyingi za zamani. Hazili umeme na huweza kuvuta mchana kutwa. Udhaifu wake ni kwamba injini ikizimika mtoni nazo zimezimika. Anayepata gari lenye winchi hiyo ikiwa nzima asikimbilie kuing'oa.

Kapi kabla ya winchi kubwa

Mnunuzi anayesita kati ya winchi ya 9,500 na ya 12,000 afikirie kwanza kapi. Waya ukipitishwa kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudishwa kwenye gari, nguvu ya kuvuta hukaribia kuwa maradufu na mwendo hupungua kwa nusu. Kwa upande wa umeme faida ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mzigo uliokuwa ukila ampia 400 sasa hula karibu nusu yake, volti hazishuki sana, mota haichemki, na waya mrefu ulio nje huiacha ngoma kwenye safu zake za chini. Hakuna kifaa kingine kwenye duka la spea kinachotoa nguvu nyingi kiasi hicho kwa bei ndogo. Kapi liambatane na mkanda mpana wa kuzungushia mti, kwa sababu waya wenyewe hukata gome na kuua mti, na ndani ya hifadhi hilo linaweza kuleta kesi.

Waya wa chuma wa milimita 8 ukikatika ukiwa umekazwa hurudi kama upanga. Watu wakae mbali zaidi ya urefu wa waya uliotoka, na koti zito au gunia lenye mchanga litundikwe katikati yake ili uanguke chini. Glavu za ngozi zivaliwe. Mizunguko mitano isipungue kwenye ngoma wakati wowote, kwa kuwa kishikizo cha mwisho wa waya hakikuundwa kubeba mzigo. Kamba za Dyneema hazina hatari kubwa hivyo na ni nyepesi kwa kilo kadhaa, lakini huhitaji mizunguko kama kumi kwenye ngoma, huchakazwa na mchanga na jua, na zikipitishwa kwenye rola zilizokwishakwaruzwa na waya wa chuma hukatika mapema. Anayehamia kwenye kamba abadilishe na rola pia.

Winchi mpya isisubiri siku ya kunasa. Waya wake ufunguliwe wote isipokuwa ile mizunguko ya mwisho, ufungwe kwenye mti au nguzo imara kwenye mteremko mdogo, kisha gari lijivute taratibu breki ikishikwa kidogo ili waya ujipange ukiwa umekaza. Waya uliokunjwa kiwandani bila mzigo huzama kati ya safu za chini unapovutwa mara ya kwanza, na hapo hujibana na kupondeka. Zoezi hilo hilo huonyesha kama nyaya za umeme zinapata joto na kama volti zinashuka chini ya 10. Fundi alipwe malipo yake ya mwisho baada ya jaribio hilo.

Baada ya hapo winchi izungushwe kidogo kila mwezi hata kama haijatumika, maana inayokaa kimya miezi tisa mara nyingi ndiyo inayogoma Machi. Gari likiuzwa, winchi iliyofungwa kwa bolti hung'olewa na kuhamia kwenye gari jingine pamoja na kapi na mikanda. Nyaya na swichi ziachwe kwenye gari la kwanza na kutajwa kwenye bei yake.